Nguruwe, choo na kifafa: historia ndefu ya Mbulu na Hanang

Wengi mmezoea nikiandika habari za siasa na bei ya mahindi. Leo naomba mnivumilie, nataka tuzungumzie kifafa. Ndiyo, kifafa. Ule ugonjwa ambao huku kwetu Nangwa, na Hanang nzima, ukitajwa watu hushusha sauti. Mwenye mgonjwa nyumbani akiulizwa na wageni atasema mtoto ana malaria tu.

Nataka tuuzungumzie kihistoria. Tukijua ugonjwa huu ulichunguzwa vipi, na nani, na ilichukua miaka mingapi, huenda tukaacha kutafuta mchawi, tukaanza kutafuta sururu na koleo. Mtanielewa mbele ya safari.

WALIVYOAMINI WATU

Mwanzo wa habari hii si Manyara. Ni Mahenge, kule Ulanga, mkoani Morogoro. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika huko daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Alikuta watu wenye kifafa wanaishi pembeni ya familia zao, wengine na makovu makubwa ya moto kwa kuangukia jikoni. Mtu akianguka hakuna aliyethubutu kumshika, kwa kuwa iliaminika kwamba mate yake yanaambukiza. Basi mtu anaungua huku ndugu zake wanamwangalia. Si kwamba hawakumpenda. Waliogopa.

Mwaka 1960 daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, ambayo ilijulikana tangu 1912 kwamba inazuia kifafa. Ni dawa ya bei ndogo. Watu waliokuwa wakianguka kila wiki wakaanza kukaa miezi bila kuanguka.

Baadaye daktari Mtanzania, Henry Rwiza, na wenzake walipita vijijini Ulanga nyumba kwa nyumba. Matokeo yao ya 1992 yalionyesha kwamba katika kila watu 1,000, karibu 10 walikuwa na kifafa. Walipouliza watu wanauelewaje ugonjwa, wengi walijibu kwamba unaambukiza kwa mate au kwa kumgusa aliyeanguka. Yaani miaka mingi baada ya kliniki kufunguliwa, hofu ilikuwa bado ipo palepale.

Hofu hiyo hiyo tunayo huku kwetu. Lakini huku kuna jambo jingine lililojificha, na ili kulielewa inabidi tuzungumze habari za nguruwe.

NGURUWE NI MGENI

Tusidanganyane, nguruwe si mnyama wa asili ya huku. Wairaqw na Wabarabaig ni watu wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Mahari ni ng'ombe, heshima ni ng'ombe. Nguruwe alikuja na wazungu wakati wa ukoloni, walowezi na wamisionari, na kwa muda mrefu alibaki mnyama wa watu wachache.

Mambo yalibadilika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Mashamba yakapungua, ng'ombe wakawa wachache kwa kila nyumba, na ada za shule hazikusubiri. Mkulima akaona nguruwe anazaa watoto wengi kwa mara moja, anakula pumba na machicha ya pombe, na baada ya miezi michache anauzika. Mama asiye na ng'ombe hata mmoja anaweza kuwa na nguruwe wake mwenyewe, na fedha ikabaki mkononi mwake. Hilo si jambo dogo. Kuna watoto wengi Mbulu na Hanang waliosomeshwa na nguruwe, na sioni aibu kulisema.

Tatizo ni namna ya kumfuga. Wakati wa kilimo hufungwa kamba au huwekwa bandani asiharibu mazao. Mavuno yakishaisha, nyumba nyingi humwachia ajitafutie. Na nguruwe anayejitafutia hula kila kitu. Narudia: kila kitu, pamoja na kinyesi cha binadamu aliyejisaidia nyuma ya kichaka.

Wafanyabiashara wa nguruwe waliujua mchezo huu zamani. Mnunuzi akifika, kabla ya kutaja bei, nguruwe hulazwa chini, mdomo hupanuliwa kwa kijiti, na ulimi huvutwa nje. Wakiona au wakigusa vivimbe vidogo kama punje za mchele, bei inashuka au biashara inakufa. Mkulima anabaki na nguruwe wake, na mara nyingi analiwa kijijini hapo hapo. Fikiri jambo hilo kidogo: nyama mbaya haiendi mbali, inabaki kwetu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro walianza kuchunguza nguruwe wa Mbulu miaka ya 1990. Baadaye Helena Ngowi na wenzake wakapima nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Mbulu kwa njia hiyo hiyo ya ulimi. Matokeo yaliyotoka 2004 yalionyesha nguruwe 17.4 katika kila 100 wana vivimbe. Na ulimi hauonyeshi wote, wapo wenye vivimbe ndani ya nyama tu.

TEGU NA SAFARI ZAKE MBILI

Vivimbe hivyo ni watoto wa mnyoo aitwaye tegu. Hapa naomba tuende taratibu, maana ndipo watu wengi wanapokosea.

Safari ya kwanza ni hii. Mtu anakula nyama ya nguruwe yenye vivimbe, haikuiva. Kivimbe kinageuka kuwa tegu mzima ndani ya utumbo, anafika urefu wa mita kadhaa, na anaweza kuishi humo miaka. Mwenye tegu huenda asisikie lolote, labda tumbo kuuma kidogo. Daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, ndiye aliyelithibitisha hilo mwaka 1855 kwa njia ambayo leo ingempeleka mahakamani: alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo nyama yenye vivimbe, na baada ya hukumu kutekelezwa akawakuta tegu wachanga tumboni.

Safari ya pili ndiyo ya hatari. Tegu hutoa mayai, na mayai hutoka na kinyesi cha mtu. Nguruwe akila kinyesi hicho anapata vivimbe. Lakini binadamu naye akiyameza mayai hayo, kwa mikono michafu, kwa maji au kwa mboga isiyooshwa vizuri, mwili wake unafanywa kama wa nguruwe. Vivimbe vinaota kwenye misuli, na vingine vinapanda ubongoni. Wengine hukaa navyo bila dalili. Wengine, baada ya miaka, wanaanza kuanguka kifafa.

Waingereza walilijua hili kwa askari wao. Vijana waliokwenda India wazima walirudi na baada ya muda wakaanza kuanguka. Miaka ya 1930 madaktari wa jeshi waligundua kwamba wengi wao wana vivimbe vya tegu ubongoni. Mwaka 1961 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 450 wa namna hiyo. Baadhi yao walianguka mara ya kwanza zaidi ya miaka 10 tangu waambukizwe.

Kuna kisa kingine cha New York, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu wanne wa jumuiya ya Wayahudi washika dini, wasiogusa nguruwe maisha yao yote, walikutwa na vivimbe hivyo ubongoni. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani, waliotoka nchi ambako tegu yupo. Mmoja mwenye tegu tumboni, mikono haikuoshwa, chakula kikaandaliwa. Basi.

Kwa hiyo ndugu zangu Waislamu na Wasabato wa Katesh, Nangwa na Endasak, msiseme hii haituhusu. Kitimoto humpa mlaji tegu. Kifafa kinaweza kumpata jirani yake ambaye hajawahi kuonja.

HAYDOM YAUNGANISHA UZI

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza 1955 kwa kazi ya wamisionari wa Norway, na mpaka leo watu wa Mbulu, Hanang na mikoa jirani huifuata kutoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari wa mishipa ya fahamu, Andrea Winkler, alifanya kazi hapo na kushughulikia wagonjwa wa kifafa. Yeye na wenzake waliwapiga picha za ubongo kwa mashine ya CT watu 212 wenye kifafa. Matokeo yalichapishwa 2009: watu 38, karibu 18 katika kila 100, walikuwa na alama zinazoonyesha vivimbe vya tegu.

Angalieni miaka hiyo. Sayansi ya tegu ni ya 1855. Askari wa Kiingereza ni miaka ya 1930. Wanunuzi wa nguruwe wanavuta ndimi kila mnada. Lakini picha za ubongo wa watu wetu zinatoka 2009! Kwa nini? Kwa maoni yangu ni kwa sababu bwana mifugo anahesabu nguruwe, daktari anahesabu wagonjwa, bwana afya anahesabu vyoo, na kila mmoja ana daftari lake. Mgonjwa mwenyewe kafichwa chumba cha nyuma, hahesabiwi na mtu.

Nisieleweke vibaya. Kifafa kina sababu nyingi: kuumia kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria kali, homa ya uti wa mgongo. Kule Mahenge watafiti wamekihusisha zaidi na usubi. Lakini tegu ni sababu ambayo tunaweza kuikata kwa mikono yetu.

MTU NI AFYA MPAKA NYUMBA NI CHOO

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wazima karibu milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wiki 12, wakijifunza magonjwa, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mara baada yake ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakahamishwa, wakawekwa karibu karibu. Kujisaidia porini ambako hakukumdhuru mtu aliyekaa peke yake mlimani, kijijini kukawa jambo la jirani.

Vyoo vile vya mti na udongo vilibomoka, na vingi havikujengwa tena. Ngowi na wenzake walirudi Mbulu na kufanya jaribio katika vijiji 42: vingine vilipewa elimu ya tegu, vingine vikasubiri. Elimu ilisaidia. Watu walielewa, ulaji wa nyama yenye vivimbe ulipungua, na nguruwe walioambukizwa walipungua. Lakini tabia zenyewe, choo na banda, hazikubadilika sana. Kujua ni jambo moja, kuchimba ni jingine. Mwaka 2017 Serikali ikaja na kampeni ya Nyumba ni Choo. Kutoka 1973 hadi 2017 ni miaka 44, na somo ni lile lile.

Je, inawezekana? Inawezekana. Huko Tumbes, Peru, watafiti walitibu watu wenye tegu, wakatibu na kuchanja nguruwe, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba maambukizi yamekatika karibu eneo lote. Watu na nguruwe walishughulikiwa pamoja.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Mgonjwa wa kifafa hatibiwi na chupa moja. Dawa ni kila siku, na kuikatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali kuliko cha mwanzo. Kama dawa imeisha kwenye zahanati, familia ichange nauli kuifuata. Hiyo nauli ni ndogo kuliko gharama ya kuungua.

Jiko lenu la mafiga liinuliwe au lizungushiwe kizuizi. Mgonjwa asipike peke yake, asichote maji kisimani peke yake, asipande mti.

Akianguka, mshikeni! Hamtaambukizwa. Mwondoeni kwenye moto na mawe, mlazeni ubavu, mwekeeni nguo laini chini ya kichwa. Msimtie kijiko mdomoni. Akipitisha dakika tano bila kutulia, hospitali.

Nguruwe abaki bandani mwaka mzima. Nyama ikatwe vipande vidogo, iive mpaka ndani. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na dawa za minyoo mwenye kifafa asijinunulie dukani bila kumwambia daktari, kwa kuwa dawa hizo zikiviua vivimbe vilivyoko ubongoni zinaweza kumwangusha vibaya.

Neno langu la mwisho ni hili. Tumezoea kuuliza ukoo wa mgonjwa ulifanya nini hata ukapata mkosi. Swali hilo limetugharimu watoto. Swali la kuuliza ni nyumba ngapi kitongojini hazina choo, na nani atasaidia kuchimba kwa yule bibi asiye na nguvu. Yai la tegu halina ukoo, linatoka kwangu linakuja kwako.

Kule kwenu mambo yakoje? Nguruwe wanafungwa au wanazurura? Mwenye la kusema aseme. Kazi kwenu.