Dhana ya Mbari katika Michezo ya Kujivika Uhusika: Tathmini ya Kihistoria, 1974–2024

Utangulizi

Michezo ya kujivika uhusika ni utanzu ambao haujashughulikiwa sana na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili. Katika mchezo wa aina hii watu wachache huketi pamoja. Mmoja husimulia mandhari na matukio, wengine hujivika uhusika wa mashujaa na kuamua watakalotenda, na dado huamua kufaulu au kushindwa kwao. Aliyelelewa na utambaji wa ngano hataona ugeni mkubwa hapa, ila katika jambo moja: mchezo huu una kitabu cha kanuni. Katika ngano, ujanja wa sungura huthibitishwa na tukio. Katika mchezo huu, ujanja huandikwa kwa tarakimu kabla hadithi haijaanza. Makala haya yanachunguza jinsi tarakimu hizo zilivyobeba dhana ya mbari kwa muda wa miaka hamsini. Hoja yake kuu ni kwamba ubaguzi katika michezo hii umejikita zaidi katika kanuni kuliko katika masimulizi, na kwamba juhudi za kurekebisha masimulizi peke yake hazikutosha.

Chimbuko

Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa kibiashara, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika kitabu cha mwaka 1979 Gygax aliorodhesha waandishi waliomwathiri, wakiwamo Robert E. Howard, H. P. Lovecraft na J. R. R. Tolkien. Wawili wa kwanza waliandika katika miaka ya 1920 na 1930, wakati ambapo imani ya kuwapo kwa mbari za juu na za chini ilihesabiwa kuwa elimu, na hofu ya kuchanganyika kwa damu imetapakaa katika kazi zao.

Suala la Tolkien ni tata zaidi. Mwaka 1938, mchapishaji wa Kijerumani alipomtaka athibitishe kuwa ana asili ya Kiaria, Tolkien aliandika majibu yenye dharau kwa itikadi hiyo ya Wanazi. Hata hivyo, katika barua ya mwaka 1958 alipoeleza sura ya maorki, viumbe waovu wa riwaya zake, aliwafananisha na watu wa Kimongolia aliodhani kuwa hawawapendezi Wazungu. Mtu mmoja, basi, aliweza kuikataa itikadi ya ubaguzi waziwazi na papo hapo akachota picha kutoka katika ghala lake. Kwa hiyo mhakiki anayepima nia ya mwandishi peke yake hatafika mbali. Kinachopaswa kuchunguzwa ni muundo wa kazi yenyewe.

Kanuni kama Itikadi

Muundo huo unaonekana bayana katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978. Mchezaji alitakiwa kuchagua mbari ya mhusika wake: binadamu, elfi, mbilikimo na kadhalika. Aliyechagua chotara wa orki na binadamu aliongezewa alama moja ya nguvu na moja ya ustahimilivu, kisha akapunguziwa mbili za haiba. Isitoshe, mpiganaji wa kibinadamu aliweza kupanda ngazi bila kikomo, ilhali chotara huyo aliishia ngazi ya 10 katika upiganaji na ya 4 katika ukasisi. Kazi pekee ambayo mbari yake haikumwekea kizuizi ni uuaji wa siri.

Mfumo huu si mgeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Baada ya maasi ya mwaka 1857 nchini India, maofisa wa Uingereza waliendeleza nadharia ya makabila ya kivita, yaani kwamba baadhi ya watu huzaliwa askari na wengine hawafai. Nadharia hiyo ilihamishiwa huku na kutumiwa katika kuwaandikisha askari wa King's African Rifles, ambapo Wakamba, kwa mfano, walisifiwa kuwa askari wa kuzaliwa. Sifa hiyo ilikuwa pia kifungo: aliyesifiwa nguvu za mwili hakutarajiwa kuwa na nguvu za fikra. Chotara wa orki wa mwaka 1978 amepewa sifa ya namna hiyohiyo, na kwa bei ileile.

Jambo la kushangaza ni kwamba elimu ilikuwa imekwisha kwenda njia nyingine. UNESCO ilitoa tamko lake la kwanza kuhusu mbari mwaka 1950. Mwaka 1972, miaka miwili kabla ya mchezo kuchapishwa, mwanabiolojia Richard Lewontin alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu hupatikana ndani ya jamii moja moja, wala si baina ya zile ziitwazo mbari. Dhana iliyokuwa ikifukuzwa maabara ilipata hifadhi mchezoni.

Aidha, mnamo 1977 na 1978 waliingizwa mchezoni maelfi weusi waitwao Drow, ambao kwa mujibu wa masimulizi walifukuzwa na ndugu zao wakaenda kuishi chini ya ardhi kwa sababu ya uovu wao. Viumbe wakaao gizani kwa kawaida hupauka. Hawa ni weusi, nao weusi huo unakwenda sambamba na ukatili. Mwaka 1988 mwandishi R. A. Salvatore alimbuni Drizzt, Drow mwema aliyewakimbia watu wake. Wasomaji wengi walimpenda, lakini wema wake ulikuwa na maana kwa sababu tu kaumu yake ilibaki kuwa ovu. Shujaa wa pekee haivunji kanuni, huithibitisha.

Kuusimulia Ubaguzi

Njia nyingine ilijaribiwa na mchezo wa Shadowrun mwaka 1989. Humo binadamu wa kawaida wanageuka kuwa maorki na matroli, na vyama vya chuki vinaundwa ili kuwatesa. Ubaguzi ukawa maudhui, na mchezaji akaalikwa kusimama upande wa wanaoonewa. Lakini kanuni za mchezo huohuo ziliwapunguzia matroli alama za akili. Masimulizi yalimlaani mbaguzi, tarakimu zikampa ushahidi. Hili ndilo tatizo la kutumia mbari za kubuni kama sitiari ya watu halisi: katika ulimwengu wetu madai ya mbaguzi ni ya uongo, ilhali katika mchezo yamefanywa kuwa kweli.

Mabadiliko, 2000–2024

Toleo la mwaka 2000 la Dungeons & Dragons lilifuta vikomo vya ngazi, ingawa nyongeza na mapunguzo yalibaki. Mnamo Juni 2020, majuma machache baada ya kuuawa kwa George Floyd, kampuni ya Wizards of the Coast iliahidi kuwa maorki na Drow wangesawiriwa kama watu wenye utata wa kimaadili na kiutamaduni kama watu wengine. Mwezi Novemba mwaka huohuo wachezaji waliruhusiwa kuhamisha nyongeza za mbari watakavyo. Hata hivyo, mwaka 2022 kampuni hiyo ililazimika kuomba radhi kwa kuchapisha habari za viumbe wenye sura ya nyani walioumbwa ili wauzwe kama watumwa. Mwezi Desemba mwaka huo ilitangaza kuliacha neno “mbari” na kutumia “spishi,” neno lililoingizwa katika kitabu cha mwaka 2024.

Uamuzi huo una walakini. Spishi ni istilahi ya biolojia, na inatenganisha watu kwa kina zaidi kuliko mbari. Si ajabu kwamba chotara wa elfi na wa orki hawakupewa nafasi yao katika kitabu hicho. Mchezo wa Pathfinder ulikuwa umechagua vyema zaidi mwaka 2019 ulipotumia neno lenye maana ya nasaba, kwa kuwa nasaba ina historia na inaweza kuwa ya pande mbili.

Pathfinder unamhusu msomaji wa Kenya kwa njia nyingine. Ulimwengu wake una eneo la misitu liitwalo Mwangi, na mojawapo ya jamii zake huitwa Zenj. La kwanza ni jina la Mkenya yeyote wa jirani. La pili ndilo jina ambalo waandishi wa Kiarabu wa zama za kati, akiwamo al-Masudi, walilitumia kuiita pwani yetu na watu wake. Kitabu cha mwaka 2010 kuhusu eneo hilo kiliitwa Heart of the Jungle, kichwa kinachomrejesha msomaji kwa Joseph Conrad. Kile cha mwaka 2021 kinatoa miji, siasa na chuo kikongwe cha elimu ya uganga. Hayo ni maendeleo. Lakini bado majina yetu yanavaliwa na watu wa kubuni, na wenye majina hawajulikani mezani.

Nafasi ya Kiswahili

Atakayetaka kuihamishia michezo hii katika Kiswahili atakabiliwa na uamuzi tangu neno la kwanza. Makala haya yametumia “mbilikimo” kwa sababu ndilo neno lililozoeleka kwa kiumbe mfupi wa hadithini. Neno hilohilo, hata hivyo, limetumiwa kwa dharau kuwaita watu halisi wa misitu ya Kongo. Kulitia katika orodha ya mbari za kubuni, pamoja na tarakimu zake, ni kuwarudisha watu hao katika orodha ya viumbe wasio binadamu.

Kwa upande mwingine, jadi yetu ina hazina ambayo michezo hii haikuwa nayo. Zimwi la ngano ni hatari, lakini si mbari. Laweza kuwa mume, jirani au mgeni, na hujulikana kwa matendo yake. Ndiyo maana husemwa kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Majini nao, katika imani ya Waislamu wa pwani, wamo wema na waovu, waumini na makafiri, na kila mmoja ataulizwa aliyoyatenda. Hiki ni kiumbe kilicho tofauti na binadamu kwa asili, na bado maadili yake hayakuamuliwa na asili hiyo. Gygax na wafuasi wake walichukua karibu nusu karne kulifikia wazo hili.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba ubaguzi unaweza kufutwa katika hadithi na ukabaki katika hesabu. Mbunifu wa michezo anayenuia kulishughulikia suala hili hana budi kuanza na karatasi ya mhusika: sifa zitokane na malezi, kazi na uamuzi wa mhusika, na ubaguzi unapoingia usawiriwe kama kazi ya sheria, ardhi na mamlaka, wala si kama tabia ya damu. Vijana wa Nairobi na Mombasa nao wanaicheza michezo hii, wakijaza karatasi inayowauliza wao ni mbari gani. Babu zao waliulizwa swali hilo na karani wa kikoloni, na jibu lilitumiwa kuwapangia mahali pa kuishi na kazi ya kufanya. Ni wajibu wa uhakiki kuwawezesha vijana hao kulitambua swali hilo wanapokutana nalo tena.