Makauboi Bila Farasi

Mwaka jana rafiki wa kituo chetu cha vijana alitupatia nafasi ya kwenda Munyonyo, kando ya ziwa, tujifunze kupanda farasi asubuhi moja. Vijana walikuwa 8, wote wametoka Kivu. Mmoja wao, wa miaka 15, alikuwa amejipa jina la kauboi wa sinema. Yeye na wenzake walikuwa wanatoza watoto wadogo shilingi 500 kabla ya kuwaruhusu kucheza mpira uwanjani. Nilipomwambia aache, alicheka tu.

Juu ya farasi hakucheka. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika.

"Yaya, pembe iko wapi?"

Mwalimu alimweleza kuwa lile lilikuwa tandiko la Kiingereza, jepesi, halina pembe. Pembe iko kwenye tandiko la Kimarekani, na hata huko haikuwekwa ili mwanafunzi ajishikilie. Ni ya kufungia kamba ng'ombe akishanaswa, ili farasi ndiye avute, si mkono wa mtu. Kisha akamfundisha: panda kwa upande wa kushoto, kaa wima, kisigino chini, macho yatazame unakokwenda. Hatamu zishike kwa mkono mwepesi, maana zimeungana na chuma kilichoko mdomoni mwa mnyama. Ukivuta kwa hasira unamuumiza, na anaweza kukutupa.

Tukiwa kwenye teksi ya kurudi mjini, niliwasimulia habari za Bills.

Miaka ya 1950, Kinshasa ikiitwa bado Léopoldville, vijana wa mitaa waliona filamu za makauboi wakazipenda kupita kiasi. Walivaa jinzi, mashati ya miraba na vitambaa shingoni. Jina la Bills lilitokana na Buffalo Bill. Lugha yao, Hindubill, ilikuwa Lingala iliyochanganywa na Kifaransa na maneno mengine. Farasi hawakuwa nao. Katika sehemu nyingi za Kongo mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaoua farasi. Basi kutoka kwenye sinema walichukua kofia, majina na ngumi.

Tusiwapambe. Walipigana mtaa kwa mtaa, na wasichana wengi waliteswa na hata kubakwa. Lakini pia walikuwa vijana ambao mkoloni hakuwaachia nafasi ya kuwa wanaume wenye heshima. Ghasia za tarehe 4 Januari 1959 zilipolipuka, wengine wao walikuwa barabarani.

Kitu ambacho sinema haikuwaonyesha ni kazi. Farasi walifika Amerika na Wahispania. Wachunga ng'ombe wa Mexico ndio waliolipa tandiko pembe yake imara, na Wamarekani wakajifunza kwao. Kauboi halisi alikuwa kibarua: vumbi, siku nyingi njiani, malipo kidogo. Wengi walikuwa Wamexico au weusi. Nat Love alizaliwa mtumwa Tennessee mwaka 1854. Baada ya uhuru alikwenda magharibi kuchunga ng'ombe, na mwaka 1907 akachapisha kitabu cha maisha yake.

Kijana wangu alinyamaza mpaka Kabalagala. Halafu akauliza, "Kumbe alikuwa mtu mweusi, tena mkimbizi kama sisi?"

Nikamjibu kwamba hakuwa mkimbizi hasa, ila aliondoka kwao kutafuta maisha.

Ile ada ya uwanja iliisha baada ya wiki mbili. Sijisifu, maana mama zao nao walikuja juu. Jina la kauboi bado analo, na mimi namwita hivyo hivyo.

Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, mkikutana na vijana wenye majina ya sinema, msikimbilie kuandika "genge" kwenye ripoti. Kwanza muulizeni kila mmoja anataka kuwa nani. Halafu mtafutieni kazi itakayomfundisha kushika hatamu kwa mkono mwepesi.