NJIA YA MSITUNI
Habari za Misafara ya Manyema na Ituri

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba nyota ziwe alama kwa wasafiri wa bara na bahari. Lakini katika msitu mkubwa wa Kongo alama hizo hufichika. Matawi hushikana juu, na aliye chini haoni nyota usiku wala mwendo wa jua mchana. Hata akipata uwazi, jua la adhuhuri katika nchi za karibu na Ikweta husimama utosini, lisionyeshe upande. Basi wazee waliouvuka msitu huo kwa miguu waliongozwa na nini?

David Livingstone alipofika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1871, aliwakuta wafanya biashara Waislamu kutoka Pwani na Unguja wamekwisha kukaa. Mpaka hapo njia zilikuwa zimekanyagwa. Kirangozi alitangulia, na penye njia panda aliweka tawi kuifunga njia isiyo yake, ili walio nyuma na mizigo yao wasipotee.

Kaskazini ya Nyangwe mambo yalikuwa mengine. Tarehe 5 Novemba 1876, Henry Stanley aliondoka Nyangwe pamoja na Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, aliyekubali kumsindikiza mwendo wa vituo 60 kwa reale 5,000. Wakaingia msitu wa Mitamba. Watu wa mashoka walitangulia kufyeka, na nyuma yao walifuata wapagazi walioibeba mashua vipande vipande. Hazikupita wiki mbili, Tippu Tip alitaka kurudi, ikabidi mapatano yafanywe upya. Stanley alikuwa na dira. Lakini dira huonyesha upande tu, haionyeshi kinamasi wala kivuko. Mwishowe waliuacha msitu, wakaufuata mto wenyewe, kwa kuwa mto haupotei. Mwezi wa Desemba wakaagana.

Mwaka 1887 Stanley alirudi, akapita msitu wa Ituri kutoka Yambuya. Aliondoka tarehe 28 Juni, na hakuona mbuga wazi ila mwanzoni mwa Desemba. Miti ilichanjwa magome ili kundi la nyuma lifuate alama. Watu wengi wa Unguja waliokuwa naye walikufa kwa njaa, maradhi na mishale.

Na wakati huo huo Wambuti waliishi ndani ya msitu ule ule, nao hawapotei. Hao huzijua njia za tembo, vijito na mahali viingiapo, mti wenye matunda na majira yake. Hukunja kijiti wapitapo, na anayefuata huelewa. Elimu hiyo haikuandikwa kitabuni, lakini ni elimu, na wenye dira waliihitaji.

Haifai kuisimulia habari hii nusu nusu. Njia hizo zilipitisha dini, lugha ya Kiswahili na kilimo cha mpunga; zilipitisha pia pembe za ndovu na watumwa waliofungwa minyororo. Mwezi wa Julai 1871 watu wengi waliuawa kwa bunduki katika soko la Nyangwe, na waliopiga walikuwa watu wa wafanya biashara hao. Dhuluma haiwi halali kwa sababu aliyeitenda anaswali.

Majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893, na Kasongo mwezi wa Aprili. Mabwana wakaondoka, wengine wakafa. Lakini Uislamu haukuondoka nao. Ulibaki kwa wapagazi, kwa wake zao, na kwa Wamanyema ambao majina yao hayamo katika kitabu cha msafiri ye yote. Hao ndio waliosomesha watoto juzuu, na kwao ndiko wengi wa Waislamu wa nchi hizi walikotoka.

Sharia humwamuru asiyeijua kibla ajitahidi kutafuta dalili, amwulize ajuaye, kisha aswali. Hukumu hiyo inatosha kuwa funzo la habari hii: kujitahidi, na kutoona haya kumwuliza mwenyeji, ijapokuwa ni mnyonge machoni pa watu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wanaojulikana na wasiojulikana, na atuongoze njia iliyonyoka. Amin.