Kuvua: Kitenzi Kilichoingia Katika Sheria

Jioni katika mitaa ya Umoja, Dandora na Kayole, mashariki mwa Nairobi, watu hurudi kutoka kazini, huvua viatu mlangoni na kubadilisha nguo. Kuvua ni kinyume cha kuvaa. Ile -u- ndiyo inayogeuza kufunga kuwa kufungua na kuziba kuwa kuzibua. Ni kiambishi cha kale, nacho kimo katika lugha nyingi za Kibantu.

Kitenzi hiki hakina ubaya wowote mpaka aingie mtu wa pili. Anayemvulia mzee kofia amemheshimu. Anayemvua kofia amemdharau. Waziri huvuliwa madaraka. Na kumvua mtu nguo, kwa Waswahili, ni kumwaibisha hata kama hakuguswa.

Eastlands, kama mitaa hiyo ya mashariki inavyoitwa kwa jumla, fumbo hilo liligeuka kitendo. Oktoba 2000, wafuasi wa kundi la Mungiki waliwavamia wanawake waliovaa suruali mtaani Kayole, wakawavua hadharani. Walidai wanalinda mila. Mila ipi humtetea mama kwa kumwacha uchi barabarani?

Miaka 14 baadaye ikawa zamu ya katikati ya jiji. Novemba 2014, kwenye steji ya magari ya Embakasi, Accra Road, kundi la wanaume lilimzingira mwanamke likidai amevaa vibaya, likamrarulia nguo. Video ikasambaa kwenye simu. Tarehe 17 mwezi huo, wanawake pamoja na wanaume waliowaunga mkono walitoka Uhuru Park wakaandamana hadi steji hiyohiyo, kaulimbiu yao ikiwa My Dress My Choice. Wapo waliowapinga mitandaoni, wakisema aliyevaa nguo fupi amejitakia.

Bunge la Kenya halikusikiliza hoja hiyo. Desemba 2014, marekebisho ya sheria za usalama yaliongeza kifungu 251A katika Kanuni ya Adhabu: anayemvua mwenzake nguo kwa nguvu afungwe kwa muda usiopungua miaka 10.

Septemba mwaka huohuo, kabla ya maandamano, mwanamke mwingine alikuwa ameshambuliwa ndani ya basi huko Githurai. Julai 2017, mahakama ya Nairobi iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa shambulio hilo, kosa likiwa wizi wa mabavu.

Vichwa vya habari bado huandika “avuliwa nguo”, kauli ya kutendwa inayomtanguliza aliyeumizwa na kumficha aliyemuumiza. Kifungu 251A kinaanza na mtu anayevua.