Hidaya za Babati: Tangu Asali ya Vilimani Hata Mchele wa Magugu

Ni dasturi ya kale katika nchi zetu, pwani na bara, kwamba msafiri arejeaye kwake hupokewa mzigo kabla ya kuulizwa habari za safari, na watoto wakitazama kikapu chake hawalaumiwi, kwa kuwa wanajua kuwa chakula cha ugenini ndiyo salamu itakayowafikia wote nyumbani. Atokaye Unguja huleta halua, atokaye Kigoma migebuka na mawese, na atokaye Bukoba hathubutu kurudi bila senene msimu wake unapowadia. Hata Wafilipino, walio mbali nasi kwa bahari na lugha, wanayo ada hiyo hiyo, nao huiita pasalubong, na mtu wao akitoka Cebu hutazamiwa kuleta maembe yaliyokaushwa.

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, umekaa chini ya mlima Kwaraa, jirani na ziwa lenye viboko, juu ya ile barabara iliyoitwa na Waingereza Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo ilikusudiwa kuunganisha Cape na Cairo. Mji wa namna hiyo, ambao wengi huupita na wachache huulala, aghalabu hukumbukwa kwa kile kilichonunuliwa dirishani mwa basi.

Kabla ya motokaa hidaya za upande huu zilikuwa asali na samli, na sababu yake ni wazi, kwani vitu hivyo viwili havikuharibika njiani hata safari ikichukua siku nyingi. Asali ilirinwa katika mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, na samli ilitoka kwa wafugaji, hususan Wabarbaig, ambao ng'ombe kwao ni mali na heshima pia. Asali ingali ikiuzwa mjini hata leo, na ile ya nyuki wadogo, nyembamba na yenye uchachu kidogo, hununuliwa zaidi na wale wanaoitaka kwa dawa ya kifua kuliko kwa utamu. Mimi naiona kuwa tunu bora kuliko zote, ijapokuwa najua kuwa wasafiri wengi hawakubaliani nami.

Maana kinachosifiwa zaidi leo ni mchele wa Magugu. Wali ulikuwa chakula cha karamu pwani zamani sana, na Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, na kitoweo juu yake. Lakini bara mpunga uliingia taratibu, na katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili iliusambaza hata Tabora. Magugu yenyewe, iliyo chini katika Bonde la Ufa, kaskazini ya Babati kwenye njia ya Arusha, ilikuwa nchi ya vichaka na mbung'o, na watu hawakuweza kuikalia kwa salama mpaka vichaka vilipofyekwa. Udongo mzito wa bondeni, pamoja na maji yaliyoelekezwa kwa mifereji, ndivyo vilivyoifanya ardhi iliyoogopwa kuwa shamba la mpunga.

Mnunuzi mzoefu haulizi bei kwanza. Huchota mchele kiganjani, huupulizia pumzi ili pumba ziruke, huunusa, kisha hutia punje mbili tatu kinywani na kuzitafuna, akisikiliza kama zinavunjika kwa ukavu au zinalegea kwa unyevu. Hapo ndipo huuliza kama ni wa mwaka huu au wa mwaka uliopita, kwa sababu mchele mpya hunukia zaidi lakini hushikana sufuriani, ilhali uliokaa ghalani huchambuka. Baada ya hayo sado hujazwa mpaka kilele kimwagike, na muuzaji muungwana huongeza konzi moja ya nyongeza.

Tangu mwaka 2018, lami ilipokamilika baina ya Babati na Dodoma, magari yaliyokuwa yakitaabika matopeni Kondoa hupita kwa wepesi, na jina la Magugu limesafiri nayo hata masoko ya mbali. Sifa hiyo imeleta na dhuluma, kwani wako wanaochanganya mchele mwingine na kuuza wote kwa jina moja, na anayedhulumiwa kwanza ni mkulima aliyesimama majini tangu alfajiri, ambaye jina la kijiji chake linauzwa na watu wasiokijua. Kwa hiyo msafiri aendaye Arusha na mwenye nafasi ya nusu saa asinunue stendi; ateremke Magugu kwenyewe, aende mashine ya kukobolea, aone mpunga ukimiminwa na mchele ukitoka, na apimiwe hapo hapo ungali na joto la mashine.