Chumvi ya ng'ombe: madini gani yanakosekana, na gani yanazidi?

Kwenye malisho ya Masisi majani hayakosi. Mvua inanyesha karibu mwaka wote, udongo ni wa volkano, na ukiangalia kwa mbali milima yote iko kijani. Lakini wafugaji wanaijua hali hii: ng'ombe anakula, tumbo linajaa, na bado anakonda. Manyoya meusi yanageuka rangi ya kutu. Anapandishwa mara mbili, mara tatu, hashiki mimba. Akizaa, ndama ni dhaifu na kondo la nyuma linabaki ndani. Maziwa yanapungua, na pamoja nayo inapungua fromaji ya Masisi ambayo watu wanaila Goma hadi Kinshasa, na pesa ya minervali ya watoto.

Zamani mwenye fermu ya ng'ombe mia aliweza kuvumilia hasara kama hiyo. Leo ni tofauti. Tangu vita ya Masisi ya mwaka 1993 makundi mengi yameporwa, yamechinjwa ao yamehamishwa mara na mara, na wafugaji wengi wamebaki na ng'ombe watatu, wanne. Kwa mtu kama huyo, ndama mmoja akifa ni mwaka mzima umepotea.

Sababu za kukonda ni nyingi: minyoo, kupe, theileria, njaa. Moja kati ya hizo haionekani kwa macho, nayo ni upungufu wa madini ya kiasi kidogo sana.

Gramu na miligramu

Mwili wa ng'ombe unahitaji madini ya aina mbili. Ya kwanza hupimwa kwa gramu: kalisi, fosforasi, magnesi, na sodiamu ambayo ndiyo chumvi ya kawaida. Ya pili hupimwa kwa miligramu, yaani gramu moja imegawanywa mara elfu: shaba, zinki, kobalti, iodini, seleniamu, manganezi na chuma. Wanganga wa mifugo waliosoma Kifaransa wanayaita oligo-éléments.

Ng'ombe mwenye kilo 400 anakula kwa siku majani yenye uzito wa karibu kilo 10, ukiondoa maji yaliyo ndani yake. Katika kilo hizo 10 anahitaji karibu miligramu 300 za zinki, 100 za shaba, 5 za iodini, 1 ya seleniamu na 1 ya kobalti. Ni vipimo vidogo sana, lakini vikikosekana mwili unasimama.

Majani hayatengenezi madini. Yanayachukua kwenye udongo. Udongo ukikosa, majani yanakosa, hata yakiwa marefu na ya kijani. Ndiyo maana ng'ombe anaweza kushiba na bado akawa na njaa ya kitu asichoweza kukipata.

Kobalti: utajiri wa Kongo, miligramu moja ya ng'ombe

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Inatoka upande wa Kolwezi na Likasi, inaenda kwenye betri za simu na za magari. Watu wachache wanajua kwamba ng'ombe pia anaihitaji.

Ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe wanaishi vijidudu vinavyosaidia kuyeyusha majani. Vijidudu hivyo vinatumia kobalti kutengeneza vitamini B12, na bila vitamini hiyo ng'ombe hawezi kugeuza chakula kuwa nguvu. Anapoteza hamu ya kula, anakonda, damu inapungua, macho na fizi zinakuwa nyeupe. Farasi na punda pia wanategemea vijidudu kwa vitamini hiyo, ila kwao vinakaa kwenye utumbo mkubwa wa nyuma.

Jambo hili liligunduliwa kwa shida. Huko Australia, ng'ombe na kondoo walikuwa wakikonda na kufa kwenye malisho mazuri. Watafiti walidhani ni upungufu wa chuma, wakawapa udongo wenye chuma, na kweli wanyama walipona. Lakini chuma safi hakikuponya kitu. Mwaka 1935 ilionekana wazi kwamba dawa ilikuwa kobalti kidogo iliyojificha ndani ya udongo ule.

Karibu na sisi, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, ugonjwa kama huo ulipewa jina la mji wa Nakuru: waliuita "Nakuruitis". Wenye fermu waliona kwamba ng'ombe akihamishwa kwenye malisho mengine anapona, akirudishwa anaanza tena kukonda. Baadaye ilijulikana kwamba udongo wa pale, uliotokana na majivu na mawe mepesi ya volkano, haukuwa na kobalti ya kutosha. Hiyo haina maana kwamba kila kilima cha Masisi ao Rutshuru kinakosa kobalti, kwa sababu kila volkano ina mawe yake. Inaonyesha tu kwamba udongo wa volkano unaweza kuotesha maharagwe na viazi vizuri sana na bado ukakosa kitu ng'ombe anachohitaji.

Gramu moja ya kobalti ingetosha ng'ombe mmoja kwa karibu siku elfu moja, yaani karibu miaka mitatu. Lakini mtu asijaribu kumpa mnyama mawe ya mgodi: ndani yake kuna madini mengine yenye sumu, na hakuna anayejua kipimo.

Dalili za yale mengine

Shaba ikikosekana, manyoya yanabadilika kwanza. Ng'ombe mweusi anakuwa kahawia, na kuzunguka macho rangi inafifia kama amevaa lunete. Ndama wanaharisha, mifupa inakuwa dhaifu. Na hapa kuna mtego: shaba inaweza kuwemo kwenye majani lakini ikazuiwa ndani ya tumbo na chuma, salfa ao molibdeni. Udongo mwekundu una chuma nyingi, na malisho yakiliwa hadi chini ng'ombe anameza udongo pamoja na majani. Makundi yanaposongamana sehemu moja kwa kukimbia vita, hatari hiyo inaongezeka.

Iodini ikikosekana, ndama huzaliwa wamekufa, ao wakiwa dhaifu bila manyoya, shingo imevimba. Watu wa Ziwa Kivu wanalijua tatizo hili kwa wanadamu. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana kimataifa tangu miaka ya 1950 na 1960 kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingo, na watoto waliozaliwa na akili na mwili uliodumaa. Wanganga walionyesha kwamba iodini ilikuwa kidogo, na mihogo isiyotayarishwa vizuri ilizidisha hali. Chumvi yenye iodini ndiyo iliyobadilisha mambo nchini katika miaka ya 1990. Mnyama anayekula majani ya eneo lisilo na iodini yuko katika hali ileile, isipokuwa mtu amwekee iodini kwenye chumvi yake.

Seleniamu ikikosekana, kondo la nyuma linabaki ndani baada ya kuzaa. Ndama anashindwa kusimama, anatetemeka, na pengine anakufa ghafla kwa sababu misuli, hata ule wa moyo, imeharibika. Zinki ikikosekana, ngozi inakuwa ngumu yenye magamba, kwato zinaharibika, na vidonda vinachelewa kupona.

Kile ambacho volkano inazidisha

Kaskazini ya Goma, Nyiragongo na Nyamulagira hazitoi lava tu. Moshi wake una gesi yenye florini, na mara nyingi upepo unausukuma upande wa magharibi, kuelekea Sake na Masisi. Mvua ikipita kwenye moshi huo inashuka na florini, inaingia kwenye matangi ya maji ya mvua na kwenye majani.

Florini kidogo haina shida. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakubali hadi miligramu 1.5 kwa litre ya maji ya kunywa. Ikizidi kwa miaka, meno ya watoto yanapata madoa ya kahawia, na mifupa inaumia. Ng'ombe naye anapata hayohayo: meno yanaisha haraka na kwa mpangilio mbaya, anatafuna kwa maumivu, anachechemea, anakonda. Mtu anayeangalia kwa mbali anaweza kusema amekosa madini, kumbe amezidishiwa.

Mfano mkubwa wa hatari hiyo unatoka Iceland. Volkano ya Laki ilipolipuka mwaka 1783, florini ilianguka kwenye majani. Karibu nusu ya ng'ombe na farasi wa nchi ile walikufa, pamoja na zaidi ya robo tatu ya kondoo, na njaa iliyofuata iliua watu wengi. Kwa hiyo majivu yanapoanguka kwenye malisho, ni vizuri kuondoa wanyama, ama kuwapa majani yaliyokatwa mbali, na kufunika maji yao mpaka mvua ioshe majani.

Jiwe jeupe, jiwe jekundu

Kabla ya dawa za farmasi kuja, wafugaji wa eneo hili walikuwa tayari wanawapa ng'ombe chumvi. Chumvi ya Ziwa Katwe, upande wa Uganda karibu na Ziwa Edward, imeuzwa kwa karne nyingi hadi huku kwetu, kwa sahani ya mtu na kwa ng'ombe vilevile. Inaleta sodiamu, na ng'ombe anaipenda. Lakini sodiamu peke yake haiponyi upungufu wa kobalti, shaba ao seleniamu.

Leo kwenye farmasi za mifugo za Goma mfugaji anaweza kukuta chumvi ya unga na mawe ya kulamba. Jiwe jeupe kwa kawaida ni chumvi tu. Wengi wanaamini kwamba jekundu lina kila kitu, lakini rangi nyekundu mara nyingi ni kutu ya chuma tu, na chuma ndiyo kitu ambacho udongo wetu unacho tayari. Rangi haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni etiketi.

Kwenye etiketi ya Kifaransa tafuta maneno haya: cuivre ni shaba, zinc ni zinki, iode ni iodini, sélénium ni seleniamu, cobalt ni kobalti. Mbele ya kila jina kuna namba ya miligramu kwa kilo. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme etiketi imeandika kobalti miligramu 30 kwa kilo, na ng'ombe analamba gramu 30 kwa siku. Amepata miligramu 0.9, karibu na ile 1 anayohitaji. Kama etiketi haina namba yoyote, ao jiwe halina etiketi, mfugaji amenunua chumvi ya kawaida kwa bei ya dawa.

Jiwe liwekwe chini ya paa dogo, juu ya mti uliochongwa, mvua isiliyeyushe. Maji yawe karibu. Ng'ombe waliokaa muda mrefu bila chumvi wapewe kidogo kidogo siku za kwanza, kwa sababu wanaweza kulamba kupita kiasi.

Kuzidisha kunaua

Kwa seleniamu, umbali kati ya dawa na sumu ni mfupi sana. Mwezi wa Aprili 2009, huko Florida nchini Marekani, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa kwa muda wa saa chache. Walikuwa wamechomwa sindano ya vitamini na madini ambamo kipimo cha seleniamu kilikosewa. Walikuwa farasi wa bei kubwa, wenye wanganga wao wenyewe. Mfugaji anayechanganya unga wa madini kwa kijiko ndani ya ndoo yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwani unga hauchanganyiki sawasawa: ng'ombe mmoja anapata bure, mwingine anapata sumu.

Kondoo wanahitaji uangalifu wao. Shaba inayomfaa ng'ombe inaweza kumuua kondoo, kwa sababu inajikusanya kwenye ini polepole hadi siku inapomwagika kwenye damu. Anayechunga kondoo na ng'ombe pamoja asiweke jiwe la ng'ombe mahali ambapo kondoo wanafika. Na mwenye punda ao farasi asimpe chakula cha ng'ombe cha kiwandani kilichowekwa monensini: dawa hiyo inamsaidia ng'ombe lakini inaharibu moyo wa farasi.

Kabla ya kutoa franka

Hatua ya kwanza ni kumwita veterineri aangalie minyoo, kupe na magonjwa ya damu, maana dalili zake zinafanana na upungufu wa madini. Kupima damu ao ini kwenye laboratware ndiyo njia ya uhakika, ila inahitaji pesa na barabara salama. Pale isipowezekana, kuna njia ya kijijini: veterineri akishakubali, wape ng'ombe watano jiwe lenye etiketi, watano wengine wa umri uleule wabaki na chumvi ya kawaida, wote wakipewa dawa ya minyoo siku moja. Baada ya miezi miwili ao mitatu linganisha manyoya, maziwa na waliopata mimba. Mwenye ng'ombe wawili tu anaweza kuungana na majirani zake wa kilima kimoja, na jiwe moja wakalinunua pamoja.