Mwili kuwasha, midomo kuvimba: damu inaonyesha nini, na nini haipashwe kungojewa

Mutu anakula karanga ao samaki, anameza dawa, ao nyuki inamuuma. Kisha dakika chache mabaka yenye kuwasha yanatoka mwili muzima, midomo na macho vinavimba. Pale Murara, sawa na fasi ingine ya muji wa Goma, jamaa inajiuliza: tupime damu kwanza, ao tukimbie hospitali?

Ni ugonjwa gani?

Waganga wanaita mabaka hayo urtikaria. Chembe fulani za mwili zinaachilia histamini, mishipa midogo ya damu inavujisha maji. Maji yakibakia karibu na ngozi, baka linatoka. Yakiingia chini zaidi, midomo, ulimi ao koo vinavimba. Kwa kawaida kila baka linapotea mbele ya saa 24, hata kama mengine yanatoka. Ugonjwa ukiisha mbele ya wiki 6, unahesabiwa kuwa wa gafla. Kwa watoto, mara mingi unafuata maambukizi ya virusi. Kwa watu wakubwa, penisilini, aspirini na ibuprofeni ni kati ya sababu zinazojulikana.

Vipimo vya damu

CRP inapanda wakati mwili una uchochezi. D-dimeri inapanda wakati damu inaganda na kuyeyuka ndani ya mishipa. Utafiti juu ya urtikaria umeonyesha mara mingi kwamba vyote viwili vinakuwa juu zaidi kwa wagonjwa waliozidiwa. Lakini CRP inapanda pia kwa malaria ao nimonia. Peke yake haisemi kama mugonjwa iko katika hatari.

Kuko pia triptazi, inayofika juu kisha saa 1 ao 2. Ikipanda, inasaidia kuhakikisha kama ilikuwa mzio mukali wa mwili muzima. Ikiwa ya kawaida, haiondoshe hatari, zaidi sana kama sababu ilikuwa chakula.

Kinachopima ukali ni macho na masikio

Kimbia hospitali kama kuko moja kati ya haya:
- sauti inabadilika, ulimi unavimba, kumeza ni nguvu;
- pumzi inakata ao kifua kinalia;
- kizunguzungu ao kuzimia;
- kutapika na tumbo kuuma sana kisha kuumwa na nyuki ao kula kitu.

Hapo dawa ya kwanza ni adrenalini, sindano katika musuli wa paja: miligramu 0,5 kwa mutu mukubwa, kwa mutoto kufuatana na kilo zake. Haingojee laboratware. Setirizini inatuliza kuwasha, lakini haifungue koo wala kuinua presha ya damu.

Njiani, mulalishe mugonjwa, miguu juu. Kama pumzi inamusumbua, akae. Musimusimamishe wala kumutembeza. Gari ni muzuri kuliko pikipiki, maana anaweza kulala. Hata akipata nafuu, akubali kubakia saa kadhaa: dalili zinaweza kurudi.

Wenye kumeza dawa za presha

Enalaprili na kaptoprili zinaweza kuvimbisha midomo ao ulimi bila kuwasha, hata kisha miaka ya kuzimeza. Uvimbe huo hausikie dawa za mzio. Mutu asimeze kidonge kingine, aende hospitali mara moja.

Chukua na pakiti ya dawa uliyomeza. Jina lake liandikwe katika karatasi yako ya matibabu, ili usipewe tena.